Shajara ya mradi: kicheko katika mti na rangi

Mei, mwishoni

Beti tatu, kazi tatu, watu watatu. Shairi ni la Mwalimu, mama mstaafu wa Lindi mjini aliyefundisha Kiswahili enzi zile ambazo ukikosea mizani unasimama mpaka kengele ilie. Uchongaji ni wa Mzee mwenye banda Mikindani. Amezaliwa Newala, ila wazazi wake walivuka Ruvuma wakitokea Mueda, upande wa Msumbiji. Rangi ni zangu. Kazi yangu ya kila siku ni kuchora mabango na kuta hapa Mtwara mjini: saluni, maduka ya dawa, migahawa ya Feri yenye samaki wanaotabasamu kuliko wateja.

Nalinakili shairi lote hapa, kwa ruhusa ya mwenyewe, maana mengi nitakayoandika yatarudi humu.

*Kicheko kina milango, si mdomo peke yake,*
*Huingia kwa maringo, hutoka kivyake vyake,*
*Hutikisa na viungo, machozi nayo yatoke,*
*Cheka ulo matangani, kilio kina mwenzake.*

*Mtani kaja na jembe, kaburini kajilaza,*
*Amesema mumuombe, na fedha za kumtuza,*
*Mjane machoni wembe, kicheko kikapenyeza,*
*Cheka ulo matangani, kilio kina mwenzake.*

*Bibi asiye na meno, ndiye mcheshi wa mji,*
*Hacheki kwa maagano, hasubiri msemaji,*
*Kinywa chake ni mfano, wa kisima chenye maji,*
*Cheka ulo matangani, kilio kina mwenzake.*

Sharti la Mwalimu ni moja tu: hataki kuona jembe. Yaani hataki mtu achukue mstari, achore kilichotajwa, kisha aseme amefasiri. "Jembe ninalo uani, mwanangu," aliniambia kwenye simu. "Nionyeshe kicheko kinavyopita."

Kinavyopita! Kicheko ni mwendo na sauti, na picha haina hata kimoja. Sisi wa mabango tuna njia yetu ya mkato: mdomo wazi, meno meupe, macho yamefumba, vistari viwili vitatu pembeni ya kichwa. Vinyozi wanaipenda. Yue Minjun, mchoraji wa China, amejipatia jina duniani kwa kuigeuza njia hiyohiyo kuwa kejeli: sura yake mwenyewe, imerudiwa na kurudiwa, meno yamejipanga, macho yamefungwa, na ukiikodolea sana unaanza kuogopa. Nampa heshima yake, lakini kicheko cha namna ile kimefungwa kwa ndani. Cha Mwalimu kina milango.

Huku kwetu jina linalokuja haraka ni George Lilanga, mchongaji na mchoraji aliyezaliwa Masasi mwaka 1934 na kufariki Dar es Salaam mwaka 2005. Mashetani yake yana masikio makubwa, matumbo mbele, midomo iliyoachama, na rangi zinazopigiana kelele. Sijawahi kuona mtu akapita mbele yake amenuna. Kishawishi cha kumfuata kilikuwepo, na wateja wangekipenda. Ila kwa Lilanga dunia nzima iko kwenye soga. Shairi hili lina mfiwa katikati, na mfiwa hawezi kuwa shetani mwekundu mwenye vidole viwili.

Juni, Mikindani

Nimempelekea Mzee shairi. Mimi Mmwera, yeye Mmakonde, kwa hiyo salamu zetu hazianzi na heri.

"Mtani, umeleta pesa au umeleta karatasi?"

"Karatasi, Mzee. Pesa za Wamwera haziingii kwenye banda lenye kunguni."

"Basi kaa chini usome. Na usisome kwa pua."

Nikasoma. Alikuwa ananoa tezo, na hakuacha kunoa ubeti wote wa kwanza. Ubeti wa pili akaacha. "Huyu Mwalimu wako alinionea wapi?" Akanisimulia alivyojilaza kaburini wakati wa msiba wa mtani wake, zamani, akiwa kijana. Aliingia na viatu. Akadai godoro, akisema udongo wa watu wale una baridi na yeye hawezi kumwacha ndugu yake alale hapo bila kuujaribu kwanza. Wazee wakamsihi, akageukia upande wa pili akakoroma. Walimtoa kwa jogoo na noti mbili, na aliyezitoa noti, kwenye pindo la kanga, alikuwa mjane mwenyewe.

"Alicheka?"

"Alicheka, akanitukana tusi ambalo siwezi kulisema mbele yako. Halafu ndipo akalia. Tangu asubuhi alikuwa hajalia, watu walishaanza kuogopa."

Hapo nimepata zaidi ya nilichofuata. Nilikuwa nimeusoma mstari wa kituo kama faraja: ukilia, kuna siku utacheka. Kwa Mzee ni kazi yenye utaratibu wake. Mtani anaitwa, au anakuja bila kuitwa, anafungua kicheko ili kilio kipate pa kupita. Ndiyo maana analipwa. Huku Kusini, Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao wametaniana vizazi na vizazi, na mtani msibani haulizwi kwa nini anatia mchanga kwenye ubwabwa.

Tumegawana: ubeti wa kwanza mpingo, wa pili hadibodi, wa tatu bado. Mzee anasema wa tatu "unamkwaruza" na hataki kuuongelea leo.

Juni, katikati

Mpingo. Nitasema kidogo, maana kipande hiki kimekwenda vizuri na jambo lililokwenda vizuri halina hadithi ndefu.

Gogo ni jembamba na limepinda, kama ilivyo kawaida ya mpingo. Mti unaochukua miaka sabini hadi mia kufikia kuvunwa, na hata hapo aghalabu shina halikumbatiki kwa sababu ya wembamba, si unene. Kulipata kihalali ni safari yake yenyewe ya kibali na risiti za misitu. Majirani zetu wa Kilwa wana vijiji vinavyovuna mpingo wao kwa mpango na kuuza wenyewe, sehemu kubwa ya mti huo ikienda kutengenezewa klarineti na zumari za Ulaya. Mzee hapendi hilo. Si kwa wivu. Anasema mti wa kupulizwa hausemi lolote usipopulizwa, wa kuchongwa unasema hata ukiwa peke yako nao chumbani.

Tumechagua mtindo wa ujamaa, ule wa watu waliopandana kwenye gogo moja, ambao wachongaji wengi humtaja Roberto Jacobo kuwa ndiye aliyeuanzisha. Kawaida watu wale wanabebana: wa chini anamwinua wa juu, wote wanafanya kazi. Mzee amekigeuza kitu kimoja tu. Wa chini kabisa amenuna. Wa pili amebana midomo, shavu limejaa. Wa tatu anajishika mbavu. Wa nne ameinama nyuma, shingo imekatika. Na yule wa juu kabisa anafuta machozi kwa kiganja, hujui kwa nini. Hakuna aliyefungua mdomo hata mmoja. Kicheko kinapanda gogo kupitia mashavu, mbavu, magoti, shingo. Milango.

Nilipomsimulia Mwalimu kwa simu, akanikumbusha Kashasha. Sisi wa Kusini tunaisikia kama hekaya ya Kagera, lakini ilitokea na madaktari waliiandika: tarehe 30 Januari 1962, kwenye shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka na hawakuweza kuacha. Kikaambukiza. Wanafunzi 95 kati ya 159 walipatwa, shule ikafungwa mwezi wa Machi, na wasichana waliorudishwa makwao wakaenda nacho vijijini. Waliocheka walilia pia, wengine wakakimbia ovyo, wengine wakawa wakali wakizuiwa. Haikuwa furaha. Waliochunguza hawakukuta sumu wala vijidudu, wakasema ni hofu na msongo uliopita kutoka mwili hadi mwili.

"Huyo wa chini aliyenuna," Mwalimu akasema, "mwambie Mzee asimrekebishe."

Hakuna wa kumrekebisha. Mzee keshaanza kumpiga msasa.

Julai, mwanzoni

Ubeti wa pili ni wangu, na mjane wake ndiye mwenye kazi.

Rasimu za awali zote zina uso. Ninaweza kuchora uso unaocheka na ninaweza kuchora uso unaolia. Mjane wa Mwalimu anafanya vyote kwa dakika moja. Kumbe jambo hili lina wenyewe. Daktari mmoja Mfaransa, Guillaume Duchenne, alichapisha mwaka 1862 picha za watu aliowagusa misuli ya uso kwa umeme. Alishikilia kuwa msuli wa kuvuta pembe za mdomo unatii amri ya mtu, lakini ule unaozunguka jicho hautii. Kwake yeye, unasogea pale tu furaha ni ya kweli. Miaka kumi baadaye, mwaka 1872, Charles Darwin akaandika kwamba uso uliolowa machozi baada ya kicheko kikubwa ni vigumu kuutofautisha na uso uliolowa baada ya kilio kikubwa. Nimesimama mbele ya kioo cha kabati nikajaribu vyote viwili. Jirani alipita dirishani akauliza kama niko salama.

Basi nimeutoa uso. Mjane amekaa mkekani, ametupa mgongo. Amejifunika kanga mpaka utosini, na kanga nimeichora yote: pindo, mji, hata maandishi, ila maandishi yameingia kwenye mkunjo hayasomeki. Kinachoonekana ni mabega, shingo kidogo, na mkono mmoja uliobana ubavu. Wanawake waliomzunguka tunawaona kwa mbele. Wawili wanamwangalia yeye, mmoja anaangalia kitu kilicho nje ya picha, chini upande wa kulia, na amejiziba mdomo. Huko nje ndiko aliko mtani. Haonekani. Jembe halipo.

Kuhusu rangi. Natumia rangi ya mafuta ya kopo juu ya hadibodi, vifaa vilevile alivyoanza navyo Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru, jirani yetu, alipokuwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya sitini. Watu hudhani rangi hii ni ya wanyama na watalii tu. Ina tabia moja inayonifaa hapa: haikubali kuchanganywa taratibu ukingoni mwa kivuli. Inakauka kwa ukingo mkali. Unapaka usuli mzima, unasubiri, unapaka umbo, unasubiri, mwisho unakuja na brashi ya nywele chache kupiga mistari. Ule "wembe" wa Mwalimu nimeuhamisha kutoka machoni. Ni mstari mmoja mweupe, mwembamba kabisa, unaoanzia kwenye shingo ya mjane chini ya kanga na kushuka mpaka ubavuni anapojishika. Ukisimama mbali unaona mng'ao wa kitambaa. Ukisogea unaona kanga imepasuka kidogo pale inapovutwa na bega.

Julai, baadaye

Nimeiegemeza hadibodi barazani ikauke, na watoto wa mtaa wamejikusanya. Nikawauliza huyu mama amefanya nini.

"Analia."

"Anacheka huyo! Angalia bega."

"Wee, bega la kulia hilo."

"Mama yangu akicheka anajishika hivyohivyo, hapa, anasema atanikata mbavu huyu."

Wakagawanyika, wakabishana, mmoja akasukumwa. Binti mdogo kuliko wote, ambaye alikuwa hajasema kitu, akaweka kidole (kwenye rangi mbichi, bila shaka) juu ya mwanamke aliyejiziba mdomo. Akauliza, "Huyu kaona nini kule?" Swali hilo tu. Alama ya kidole nimeiacha. Imeangukia kwenye mkeka, na mkeka unaihimili.

Mwalimu nimemtumia picha kwa simu. Jibu lake: "Pindo zuri." Kwa anayemjua, ni sifa.

Agosti, wiki ya Nanenane

Msimu wa salfa umeshika. Kila gari linaloshuka kutoka Tandahimba na Newala linanuka mikorosho iliyopuliziwa, na Mzee amerudi kutoka kwao amekohoa siku kadhaa. Nimemkuta amekaa na amani kidogo, nikaona leo tuuongelee ubeti wa tatu.

Yangu yalikuwa haya. Bibi asiye na meno hawezi kuwa wa mpingo. Mpingo una kishawishi chake: chini ya gome kuna ule mti mweupe wa nje, na ndani ndiyo weusi. Mchongaji hodari anaacha kipande cha weupe pale panapotakiwa meno, na kinyago kinacheka bila kupakwa rangi. Tungekuwa tumemaliza kazi kwa dakika. Lakini shairi limemnyima bibi meno. Tunabaki na shimo jeusi ndani ya mti mweusi, na mtu akisimama hatua tatu haoni kitu. Isitoshe, mpingo hauna upana wa kichwa kinachozidi cha mtu, na mimi nilitaka kikubwa. Nikapendekeza mti mwepesi, ule wa jamii ya msufi pori, uchongwe uwe na uwazi ndani, na kinywa kitobolewe kweli, mpaka upande wa pili.

Mzee akaniangalia.

"Mtani, unajua unachokiagiza?"

Nilijua. Kichwa cha mti mwepesi, chenye uwazi ndani, kinywa kimetobolewa: hilo ni lipiko. Kwa Wamakonde wa asili ya Mueda lipiko ni la wanaume na la jando. Huvaliwa kichwani likiwa limeinamishwa nyuma, kitambaa kikamfunika mchezaji shingo na mwili, na yeye hutazamia kupitia kinywani. Macho ya sanamu yanaangalia juu, hayaoni kitu. Mdomo ndio unaoona. Kila mtoto aliyewahi kusimama mbele kwenye ngoma amelitambua, na hata hivyo halisemwi. Zamani wanawake na watoto waliambiwa yule ni mzimu, wakakimbia, wakacheka, wakakimbia tena. Siku hizi mapiko huchezwa hadharani, hata kwenye tamasha la MaKuYa hapa Mtwara ambako Wamakonde, Wamakua na Wayao hukutanisha ngoma zao. Lakini kuchezwa mbele yangu ni jambo moja, kuagizwa na mimi ni jambo jingine.

"Ndiyo maana ubeti ulikukwaruza," nikasema.

"Ulinikwaruza tangu neno la kinywa. Huyo Mwalimu kaandika kisima. Mimi nikaona mtu ndani yake."

Tulikaa na hilo mpaka chai ikapoa. Sitaandika yote tuliyosema, mengine si ya kuandikwa. Makubaliano: kitakuwa kikubwa kuliko kichwa cha mtu ili asitokee wa kukivaa. Hakitakuwa na nembo za chale usoni, wala nta, wala nywele za mtu, wala ndonya mdomoni, ingawa bibi wa kweli wa umri ule angekuwa nayo. Hakitafungwa kitambaa. Kitasimama juu ya gogo, si juu ya shingo ya mtu. Na atakichonga Newala, nyumbani, si Mikindani. Mimi nitakiona kikiisha.

Hilo la mwisho lilinichoma. Ningetaka kuona tezo ikiingia kinywani, ningetaka kuchora kila hatua kwenye hii shajara. Lakini ni mkono wake na ukoo wake.

Nanenane, Lindi

Nimepanda basi kwenda Lindi, nikapitia viwanja vya Ngongo kwa sababu nina bango la mteja huko, kisha kwa Mwalimu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Rangi hazilipi?"

Nikamweleza habari ya lipiko lisilo lipiko. Nilitegemea apinge, yeye ni mtu wa pwani, mambo ya mapiko kwake ni ya bara. Akanyamaza, akaenda ndani, akarudi na picha ndogo ya mama yake mzazi kwenye fremu ya plastiki. Mama amekaa kwenye kigoda, anacheka, na kweli hana jino hata moja. Ufizi umeng'aa kwa mwanga wa jua. Macho hayaonekani kabisa, yamezama kwenye mikunjo. Nikamwambia Duchenne angefurahi. Akauliza Duchenne ni nani, nikamweleza, akasema mzungu huyo angemuuliza mama yake angepunguza gharama za umeme.

Kwenye picha ile niliona jambo ambalo ubeti haulisemi waziwazi. Uso wote umekusanyika kuzunguka kinywa: mashavu, paji la uso, masikio, vyote vimevutwa kuelekea pale. Kinywa ndicho kinachokutazama. Nilimwomba ruhusa nikaipiga picha ile picha, nikaituma Newala bila neno lolote. Mzee akajibu kwa ujumbe wa sauti, sekunde tatu, kicheko chake tu.

Septemba

Kimefika. Kimeletwa kwenye buti la gari ndogo, kimefungwa gunia la korosho, na dereva amedai nauli ya abiria kamili kwa sababu, anasema, kilimkodolea njia nzima.

Nakieleza kwa utaratibu, kwa ajili ya kumbukumbu. Kimo chake kinanifika kiunoni. Mti ni mweupe wenye umanjano, mwepesi kiasi kwamba nakiinua peke yangu. Mzee hakukipiga msasa mpaka mwisho. Kwenye mashavu alama za tezo zimeachwa, fupifupi, zote zimeelekezwa kwenye kinywa, na ndizo zilizogeuka mikunjo. Macho ni mikato miwili, haijatobolewa. Masikio yamerudi nyuma. Kinywa ni uwazi wa upana wa viganja viwili, na kingo zake kwa ndani zimelainishwa na kupakwa rangi ya viatu nyekundu iliyokolea, iking'aa kama ufizi wa yule mama kwenye fremu. Ndani ni giza. Nyuma ya kichwa pamekatwa nafasi ya kuingiza uso.

Hilo la nyuma hatukuliongelea. Mzee aliliongeza mwenyewe.

Nikaingiza uso. Ndani kunanuka mti mbichi na rangi ya viatu. Mbele yangu, kupitia kinywani, niliwaona dereva, kijana wa duka la jirani, na mama muuza vitumbua, wote wamesimama wanakitazama kichwa. Walianza kucheka, kwa sababu walichokiona wao ni bibi anayecheka ambaye ghafla ana macho mdomoni. Nilivyowaona wanacheka nikacheka na mimi, na kule ndani sauti yako inakurudia imekuwa nene, si yako tena. Wao nje wakasikia bibi anacheka. Mama wa vitumbua akaweka ndoo chini.

Hii ndiyo fasiri ninayoweza kuitetea mbele ya yeyote. Kazi ya kwanza inaonyesha kicheko kikipita kwenye viungo. Ya pili inakificha, inakuachia mgongo. Ya tatu haionyeshi kicheko kabisa, inakifanya. Bila mtu nyuma na mtu mbele ni mti wenye tundu. Na Mwalimu alikwisha kusema: hacheki kwa maagano, hasubiri msemaji.

Nilimpigia Mzee simu kumuuliza kwa nini alikata ile nafasi ya nyuma, ikiwa tulikubaliana hakitavaliwa.

"Hakivaliwi. Umekivaa wewe?"

"Nimeingiza uso."

"Basi umeingiza uso. Kuvaa ni mpaka shingoni. Na lile jogoo la makubaliano unaleta lini, mtani?"

Hakukuwa na jogoo katika makubaliano.

Oktoba, kabla ya maonyesho

Korosho zimeanza kuingia maghalani, barabara zimejaa malori, na ukumbi tulioahidiwa umepewa shughuli nyingine bila sisi kuambiwa. Tumehamia baraza ya nyumba ya zamani Mikindani, kwa ruhusa ya familia. Afadhali hata: upepo wa bahari unapita na watu wanapita.

Tunabishana kuhusu maandishi ya shairi. Kijana anayetusaidia kupanga anataka kila ubeti ubandikwe kando ya kazi yake, herufi kubwa, watu wasome kwanza. Mimi nakataa. Mtu akisoma "kaburini kajilaza" ataanza kumtafuta mtani kwenye hadibodi, hatamwona, ataona nimemdanganya. Mzee hajali, anachotaka kuandikwa ni bei. Mwalimu ameamua: hakuna kubandika. Atakuja mwenyewe kutoka Lindi, atakaa kwenye kiti pembeni ya bibi, na atakayetaka shairi ataliomba aimbiwe. Ameniagiza kiti kiwe na mgongo.

Bei: ujamaa wa mpingo tayari una mtu. Hadibodi nitaiuza nikilazimika. Kichwa hakiuzwi, tumekubaliana wote watatu, kila mmoja kwa sababu yake. Baada ya maonyesho kitarudi Newala, na atakayetaka kukitazama itabidi apande milima.

Yaliyobaki: kukaza gogo la chini, maana likisukumwa linayumba, kutafuta feni, kule ndani joto, kununua rangi nyingine ya viatu, kwa kuwa watu wanatoka na mistari myekundu kwenye pua na wanakwenda nayo sokoni bila kujua. Na jogoo. Nimeulizia bei Feri na Mikindani, wa Mikindani ni wa bei kali zaidi, na Mzee anasema wa Feri wananuka samaki.